Baba wa Alhamisi

Jumanne ile Bi Mwatima alikuwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi ya mchuzi wa mchana, kuku wawili wanamvizia miguuni, wakati mwanawe Borafya aliporudi kutoka gerezani. Alikuja kwa miguu kutoka mjini, akapita Ng'ambo, akashika njia ya Chwaka mpaka kijijini kwao, Kwa Binti Kombo, na vumbi lilikuwa limempanda hadi magotini. Akasimama penye ua wa makuti.

"Hodi," akasema.

Bi Mwatima akaendelea kukuna.

"Hodi wenyewe. Shikamoo mama."

Bi Mwatima akakigeuza kifuu, akatazama kama kimebakia kitu, akakiweka kando, akachukua cha pili. Macho yake yalipita juu ya mwanawe yakaenda kwa kuku, na kuku wakafukuzwa. Borafya hakushangaa. Gerezani mtu hakosi wasaa wa kufikiri jinsi atakavyopokewa kwao, na kususwa alishakutia hesabuni. Aliyetoka jela hapigiwi vigelegele. Akakaa barazani akangoja hasira za mama zipoe.

Hasira hazikupoa kwa sababu hazikuwepo. Adhuhuri akaja mkewe Tabia, mtoto wa kiume kambeba mgongoni, na nyuma yake Simai, jirani wa siku nyingi, jembe begani. Simai akalitundika jembe kwenye msumari ambao Borafya aliupigilia kwa mkono wake mwenyewe, akavua fulana, akaomba maji ya kuoga, na Tabia akampelekea. Hapo Borafya akaelewa nusu ya mambo, na nusu hiyo ilimtosha kwa siku moja.

Halafu akaja Mwatum, bintiye, anatoka chuo cha Kurani. Alimwacha wa miaka mitano, hana meno ya mbele. Sasa alikuwa na miaka tisa, meno yote yamo, mrefu wa miguu. Borafya akamwita kwa jina. Mtoto akapita karibu yake mpaka upindo wa nguo ukamgusa goti, akaenda moja kwa moja jikoni akafunua chungu.

"Bibi, nshakuja. Wali bado?"

"Bado. Funika chungu cha watu."

Borafya alikuwa amefungwa kwa ajili ya ng'ombe. Serikali iliamuru ng'ombe wote wa shamba wapitishwe joshoni, watoswe katika maji ya dawa, na watu wa shamba walisema ng'ombe akitoka humo hamalizi mwezi. Borafya alikuwa na jike mmoja tu wa maziwa. Askari walipokuja kumchukua, yeye aliishika kamba na hakuiachia, na kamba hiyo ndiyo iliyomtia ndani miaka minne. Ng'ombe alitoswa kesho yake asubuhi. Hakufa, wala maziwa hayakupungua.

Nusu ya pili ya mambo aliipata Alhamisi. Baada ya alasiri Bi Mwatima alitandika mkeka uani, akatia makaa kwenye chetezo, akachoma ubani, akasoma Yasini kwa moyo, kama wanavyosomewa maiti wa kila nyumba siku hiyo. Alipomaliza akainua uso, akamwona mwanawe amekaa mbele yake.

"Borafya, ushakuja," akasema. "Alhamisi zote hizi n'nakusomea, mbona hukutokea?"

"Nilikuwa ndani, mama."

"Ndani ya kaburi, najua. Wenzako hutoka."

"Ndani ya gereza. Gerezani hawatoi ruhusa."

Bi Mwatima akafikiri, akaona maneno hayo yana maana. Akamhadithia. Mwaka wa pili wa kifungo alikuja tarishi kwa baskeli, akashusha bahasha ya kitambaa, ndani yake kanzu ya Borafya imekunjwa vizuri, kofia juu. "Hizi za Borafya Silima," akasema, akapanda baskeli yake akaenda zake. Sasa, jamani, nani asiyejua? Nguo za mwanamume hazitoki peke yake zimekunjwa, kofia juu, ila mwenyewe keshaoshwa. Wakaweka matanga. Wakamsalia sala ya ghaibu, kwa kuwa maiti hawakupewa, wakasoma hitima, wakapika wali wa nazi masufuria matatu, kijiji kizima kikala. Tabia akakaa eda akaitimiza, akaolewa na Simai.

"Walinihamisha gereza la pili, la kuvunja mawe," akasema Borafya. "Huko hakuna pa kuwekea nguo za watu. Wakazirudisha."

"Wangesema," akasema Bi Mwatima.

"Wangesema."

Ikawa hivyo basi. Kila aliyekula wali wa hitima yake hakumwona wala kumsikia, ila Alhamisi baada ya kusomewa, mpaka adhana ya isha. Mwatum naye alikula. Alikuwa mdogo, akapewa ukoko aupendao, akaramba na vidole. Mjini, ambako hakuna aliyeuonja wali huo, Borafya alionekana vizuri mno: alipata uhamali pale Darajani, akabebeshwa magunia, akasukumwa, akatukanwa na watu aliowazidi umri. Jioni alirudi kwao kulala zizini na ng'ombe wake. Ng'ombe alimwona. Na Usi, yule mtoto mchanga wa Simai, alimwona pia, kwani alizaliwa wali ushaliwa. Kila asubuhi Usi alimjia zizini kwa kutambaa, akamnyooshea mikono abebwe, na Borafya alimbeba, huku akimtazama binti yake mwenyewe anapita na ndoo ya maji.

Alhamisi ya pili akaenda kwa Maalim Muhiddin, aliyeisimamia hitima na kula sahani mbili.

"Maalim, mimi n'mzima."

"Sikukatalii," akasema Maalim. "Lakini ushasomewa."

"Basi nisomeeni kinyume chake."

"Hitima haina kinyume, Borafya. Juzuu thelathini zilisomwa, dua ikaombwa, wali ukaliwa. Mkeo kakaa eda, kaolewa, kazaa. Leo tukikufufua wewe, yule mtoto tumwite nani? Na Tabia tumwite nani?"

Borafya akamfikiria Usi na mikono yake.

"Nguo waliozileta ni wao," akasema Maalim. "Waje wao waseme."

Akaenda kwa wao. Afisa wa gereza alimwona bila taabu yoyote. Nyuma yake, juu ya benchi, zilipangwa kanzu za watu wengine zimekunjwa, kofia juu, zinangoja baskeli. Borafya akaomba apelekwe mtu kijijini akaseme kwamba hakufa.

"Wewe si umesimama mbele yangu? Basi u hai. Mtu hai hujisemea."

"Na hizi, bwana? Tarishi akifika mlangoni aseme japo neno moja."

"Tarishi kaajiriwa kwa miguu," akasema afisa, "hakuajiriwa kwa mdomo." Kisha akamwita wa nyuma yake.

Ikabaki Alhamisi. Yote ambayo baba mwengine huyafanya kwa wiki nzima, Borafya aliyapanga kati ya alasiri na isha, kama mtu anayepakia shamba zima kwenye gari moja. Mwatum alimzoea upesi. Wala hakumwogopa, maiti wa nyumba za wenzake nao walikuja, wengine kelele tupu. Yeye alijifunga kanga, akaja mkekani, akainamisha kichwa.

"Shikamoo marehemu baba."

"Marahaba mwanangu. Niite baba tu."

"Baba ni baba Simai. Wewe ni marehemu baba."

Alimletea ubuyu na kashata za mjini. Alimkagua kucha. Alimsomesha hesabu za kutoa, ambazo zilimshinda. Alimgombeza pia, na hapo ndipo walipokosana, kwa kuwa Borafya aliyaona makosa ya wiki nzima na hakuwa na siku nyengine ya kuyasemea.

"Jumamosi ulipanda mpera wa Mzee Hasan ukavunja tawi."

"Mama kanichapa Jumamosi hiyohiyo."

"Najua. Nilikuwepo. Ulianguka, ukachubuka goti, mimi n'kakupuliza."

Mwatum akalitazama goti lake, lenye kigaga kilichokauka. "Sikuhisi," akasema.

Watu wengine nao walikuja na haja zao. Huyu anauliza kama babake kakaa vizuri huko, yule anataka kujua mahari ya marehemu dadake nani kayala. Borafya aliwajibu kwamba yeye alikuwa anavunja mawe. Wakaguna, wakaondoka wakisema tangu uhai wake Borafya alikuwa mchoyo wa maneno. Tabia hakuuliza lolote. Alijitanda vizuri, kwani hakuwa mkewe tena, akaweka sinia mbele yake, akakaa mbali kidogo.

"Borafya," akasema siku moja, "miye nilikulilia mpaka machozi yakanikauka. Ulivyorudi sina mengine ya kukupokelea. Usinifikirie vibaya."

"Sikufikirii vibaya. Simai mtu mwema."

"Mwema," akasema Tabia. Na ilikuwa kweli, na kweli hiyo haikumsaidia mtu.

Masika yalipoingia Bi Mwatima akaanza kukohoa. Pumzi zilimkatikia katikati ya Yasini, na kumbukumbu nayo ikaanza kumpa kisogo. Aliporuka aya moja, Borafya alikuja bila mkono wa kushoto. Aliporuka mbili, alikuja bila magoti, akakaa hivyohivyo mpaka isha, Mwatum akimlisha kashata kwa kuwa alikosa mkono wa kushikia. Bibi aliona haya, akaomba radhi.

"Mama, usihuzunike," akasema Borafya. Lakini yeye mwenyewe alikuwa na hofu. Tabia hakuweza kumsomea tena, keshakuwa mke wa mtu, na ndugu hakuwa naye. Bibi akiondoka, nani atasoma? Ataishi hatua tatu kutoka kwa mwanawe, amwone akikua, akiugua, akiolewa, na mwanawe asijue kama yupo. Bora kuvunja mawe. Kule angalau alikuwa anangoja kitu.

Akaamua kumfundisha Mwatum Yasini. Ikawa ndiyo kazi ya Alhamisi zote, hesabu zikawekwa kando. Baba akasoma, mtoto akafuatisha. Alimsahihisha madda, alimrudisha alipoteleza, alimsifu. Hakuna baba kijijini aliyepata kumsomesha mwanawe kwa bidii ile, na alichokuwa anamsomesha ni jinsi ya kumsomea yeye akiwa maiti. Borafya alilijua hilo. Usiku zizini alijiambia kuwa hakuna aibu katika shida, na hakujiamini.

Mwatum alikuwa na akili, tena akili ya kuchokonoa.

"Nikiihifadhi yote, utakuwa mzima?"

"La. Ntakuwepo tu."

Mtoto akatafuna ubuyu, akaitema kokwa. "Mimi naona tunakosea. Mzima hasomewi. Sisi tunakusomea kila wiki, ndiyo maana hufufuki. Tusisome."

Borafya akamtazama mamake. Bi Mwatima alikuwa amechoka, na kwa mtu aliyechoka rai ya kutosoma si mbaya. "Tujaribu," akasema. "Mtoto kasema la maana kuliko Maalim."

Alhamisi iliyofuata mkeka haukutandikwa na ubani haukuchomwa. Mwatum alioga, akatiwa mafuta kichwani, akavaa gauni la Idi, akakaa barazani kuitazama njia, kwani alimtarajia babake aje kwa njia kama waja wazima. Borafya alikuwa amesimama mbele yake. Alikuwa amefua shati lake, amenyoa ndevu. Alasiri ikapita. Watu walirudi mashambani wakamsalimia Mwatum, wakampita Borafya.

"Baba," Mwatum akaita, taratibu. "Ushakuja?"

"Naam, mwanangu. Nipo."

"Baba?"

"Naam."

Usi alitoka ndani kwa kutambaa, akamkumbatia Borafya mguu, akacheka, akamwonesha kwa kidole. Lakini mtoto wa umri ule huonesha kila kitu kwa kidole, mbuzi, mwezi, ufagio, na Tabia akaja akambeba akamrudisha ndani. Jua likatua. Mwatum aliendelea kuita, akasimama, akakaa, mpaka gauni likakunjana na mafuta yakamteremka usoni pamoja na machozi. Borafya alichuchumaa akamshika mabega, akamwambia asilie, akamwimbia wimbo wa kumbembelezea alipokuwa mchanga, wote mpaka mwisho. Mtoto hakusikia hata neno. Simai ndiye aliyetoka akamnyanyua, akampeleka ndani, na alimnyanyua kwa upole sana.

Wiki hiyohiyo, Jumapili, Bi Mwatima alifariki. Watu walipofika makaburini na majembe walikuta kaburi lishachimbwa, mwanandani wa kumlazia maiti umekatwa sawasawa. "Borafya kamchimbia mamake," wakasema, wakaweka majembe chini. Jeneza lilipobebwa upande mmoja ulikuwa mwepesi mabegani, wenye kubeba upande huo wakaona raha. Yeye alitembea nao mpaka mwisho, akatia udongo, akasimama kuombea pamoja na wengine, na hakuna aliyempa pole.

Alhamisi Mwatum alitandika mkeka mwenyewe. Hakuambiwa na mtu. Akachoma ubani, akakaa, akasoma Yasini yote kwa sauti nyembamba, hakuruka aya. Borafya akaonekana kamili, mikono miwili, magoti, hata kovu la nyundo kwenye dole gumba. Mtoto akamwangukia kifuani, akamshika shati kwa ngumi zote mbili.

Bi Mwatima naye akaja, kwa kuwa alisomewa. Alikaa upande wake wa mkeka, akatengeneza kanga, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu.

"Nimekutafuta kule, Borafya," akasema. "Nimemwona babako. Nimemwona dadako aliyekufa mchanga. Nimewauliza wa kusini na wa kaskazini. Wewe hupo, wala hujapata kufika. Hawakujui hata kwa jina."

Tabia aliweka sinia chini. Simai akatazama viganja vyake. Mtu akaenda kumwita Maalim Muhiddin, naye akaja na tasbihi mkononi, akasikiliza maneno yote kwa adabu.

"Ushahidi wa maiti haukubaliwi," akasema. "Angelisema kabla ya kufa, tungelisikiliza."

"Kabla ya kufa ningelijuaje?" akauliza Bi Mwatima.

"Hapo ndipo palipo na taabu," akasema Maalim, na aliona uchungu wa kweli. Alikunywa kahawa kikombe kimoja akaondoka.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya kijiji joshoni. Simai aliwapeleka ng'ombe wote, na yule jike wa Borafya akiwa mbele, ambaye aliijua njia na aliingia majini bila kuvutwa. Mjini tarishi alikuwa kaongezewa mwenzake. Mwatum wiki hiyo hakucheza na wenzake. Alikaa kwenye ngazi akifikiri, Tabia akamtia mkono kipajini kutazama kama ana homa.

Alhamisi watu walikuwa wengi, maana wali wa bibi ulikuwa haujapoa midomoni. Mwatum akasoma mpaka mwisho, kisha akainua mikono kuomba dua, na wote wakainua yao.

"Mola amrehemu bibi yangu, Mwatima," akasema.

"Amin," wakaitikia.

Akanyamaza. Jina lililofuata lilikuwa la babake, na sasa alikuwa anajua. Alimtazama Borafya usoni. Watu walingoja, viganja juu. Kimya kilipozidi, Borafya akahisi miguu inaanza kumwondoka, vidole kwanza, halafu nyayo, halafu mkeka ukaonekana pale palipokuwa na magoti yake.

"Sema, mwanangu," akamwambia polepole.

"Lakini ni uongo, baba."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo huku anamwona. Borafya alitaka mtoto alirudie neno lile, na nafasi haikuwepo. Kiuno nacho kilikuwa kinakwenda.

"Najua," akasema. "Sema tu."

Mwatum akafumba macho. "Na baba yangu, Borafya Silima," akasema, "Mola amrehemu, amlaze pahala pema peponi."

"Amin," watu wakasema. Borafya aliitikia pamoja nao, kwa sauti kubwa kuliko wote, na miguu yake ikarudi. Kisha akamvuta binti yake karibu na kumwuliza hesabu za kutoa amefika wapi, kwani isha ilikuwa haiko mbali.